Siku Tisini za Fagio

Wifi yangu kazini wanamwita Fagio, na hakuna anayemwita hivyo kwa ubaya. Yeye ndiye anayetunza seva za ofisi ya maji, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa jinsi alivyonieleza mara mia nisielewe na mara ya mia na moja nikaelewa, ni kufagia. Mashine zinajiandikia zenyewe. Mtu ameingia, mtu ametoka, pampu imewashwa, mlango wa tangi umefunguliwa, kwa kila jambo mashine inaandika mstari mmoja kwenye faili linaloitwa logi. Mistari haiishi, usiku na mchana. Usipoifagia, diski inajaa, na diski ikijaa skrini za ofisi nzima zinaganda, kuanzia ya meneja mpaka ya kwangu mimi niliye dirisha la malalamiko.

Alianza pale akiwa mpiga chapa. Siku moja fundi wa kompyuta aliacha kazi bila kuaga, diski ikajaa, wanaume sita wakasimama mbele ya mashine wamekunja mikono, na yeye akasema kwa sauti ile yake ya chini, "Nadhani ni logi." Wakamcheka. Akafuta mafaili manne, ofisi ikaamka. Tangu siku hiyo chumba cha seva ni chake, na kiyoyozi chake, na sweta lake la kijivu analoliacha nyuma ya kiti.

Ni mtu wa kufagia hata nyumbani. Karatasi haikai mezani siku mbili. Chupa tupu, kalenda ya mwaka jana, kiatu kisicho na mwenzake, vyote anavitoa. Kaka yangu alipomuoa nilimwambia, "Angalia, ukikaa bila kujitikisa atakutoa na wewe." Kaka akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mtu wa kucheka yule.

Kaka alikuwa fundi pampu wa ofisi hiyo hiyo. Walimwita Mbizi, kwa sababu yeye ndiye aliyeshuka kwenye shimo la pampu kusafisha chujio likiziba. Ukishuka, pampu huwa imezimwa na mtu wa chumba cha kuongozea, huko juu. Na ili yule wa juu ajue kwamba bado uko chini, ukutani mwa shimo kuna kitufe kimeandikwa NIPO. Unakibonyeza kila dakika. Zikipita dakika mbili hujabonyeza, wa juu anahesabu umeshatoka, na anaruhusiwa kuwasha. Ndiyo sheria, na kaka aliijua kuliko aliyeiandika.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye kisa. Mwaka mmoja diski ilijaa mara tatu. Wifi akakaa na mafaili yale akatafuta nani anakula nafasi, akakuta ni mistari inayojirudia. NIPO, NIPO, NIPO, kurasa na kurasa. Akaandika kichujio chake. Logi ghafi, ile nzima isiyoguswa, inakaa siku tisini, kisha inafutwa yenyewe. Ila kila siku nakala yake inapelekwa kwenye hifadhi ya kudumu, na njiani kile kichujio kinaipunguza: mstari ukishaandikwa mara moja katika saa moja, ndugu zake wote wa saa hiyo wanatupwa. "Mstari mmoja unatosha kujua mtu alikuwepo," aliniambia. Meneja alimsifu mbele ya watu wote. Diski haikujaa tena.

Kisha kaka akafa kwenye lile shimo. Pampu iliwashwa akiwa ndani. Sitaeleza zaidi ya hapo, siwezi na sitaki.

Siku ya sita baada ya kumzika, kamati ya uchunguzi ikaomba kumbukumbu za asubuhi ile. Mtu wa kuzitoa alikuwa nani? Fagio. Mtu mwingine angekuwa nyumbani, lakini yeye alisharudi kazini siku ya nne. Akafungua hifadhi ya kudumu kama anavyofanya kila siku mtu akiomba kumbukumbu, akaichapisha, akawapelekea. Karatasi moja. Kamati ikasoma: saa nne na dakika mbili, NIPO. Saa nne na dakika ishirini na tano, pampu imewashwa. Katikati hakuna kitu. Mtu wa chumba cha kuongozea akasema na yeye kwenye skrini aliona NIPO moja tu. Kamati ikaandika kwamba marehemu alibonyeza mara moja akaacha, na kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa marehemu mwenyewe.

Uzembe. Barua ikaja nyumbani, nikamsomea mama, kwa sababu macho yake hayaoni maandishi madogo. Nilitaka kuruka lile neno, nikashindwa, limeandikwa mara tatu. Mama akasema, "Mwanangu si mzembe. Warudie kusoma." Kila jioni tangu siku hiyo akawa anauliza, "Wamerudia kusoma?" Tunamwambia bado. Ana miaka sabini na sita na hakuwa na shida nyingine tena duniani. Alitaka neno moja tu lifutwe kabla na yeye hajaondoka.

Na wifi? Wifi hakulia. Nasema wazi, nilimchukia kwa hilo. Tunakaa nyumba moja, yeye, mama na mimi niliyeachika nikarudi kwa mama, na katika nyumba hiyo mimi nililia jikoni, nikalia bafuni, nikalia dirishani kwangu watu wakiniletea habari za mabomba yaliyopasuka. Yeye macho makavu. Anaamka, anatandika kitanda upande mmoja, anapiga pasi blauzi, anakwenda kazini. Ukimwambia "Upo?" anajibu "Nipo." Mama akimuuliza, "Umekula, mwanangu?" anasema amekula, na sahani iko pale pale. Nikamwambia siku moja, "Wewe wifi una moyo au una jiwe?" Akanitazama kama mtu anayesoma saa ya ukutani. "Sijui," akasema. Nilitaka anijibu vibaya ili tugombane. Hata hilo hakunipa.

Sikujua kwamba alikuwa anahesabu siku.

Asubuhi ya siku yenyewe skrini yangu iliganda saa tatu na nusu. Nilikuwa na foleni mpaka mlangoni, na mbele kabisa mzee mmoja ambaye maji yake yalikuwa yanatoka na udongo. Alikuwa amenibebea ushahidi kwenye chupa. Nikamwambia, "Mzee wangu, mashine imegoma." Akaniambia, "Na mimi nimegoma, siondoki," akaweka chupa mezani. Nikafunga dirisha nikaenda chumba cha seva. Njiani nilimpita meneja akiwa na simu sikioni, akaniambia, "Mwambie wifi yako azime awashe. Si kazi ya kutafakari hiyo."

Nilimkuta amekaa, sweta mabegani, mikono mapajani. Kwenye skrini kulikuwa na namba moja: mia kwa mia. Diski imejaa.

"Bosi anasema uzime uwashe," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Basi?"

Hakugeuka. Akasema, "Kuna faili limefutwa, lakini nafasi yake haijarudi."

Nikamwambia aseme Kiswahili cha watu. Akaanza kueleza polepole, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Logi ghafi ya pampu, alisema, ilitimiza siku tisini jana. Sheria yake mwenyewe ikaifuta. Kwenye orodha haipo tena. Ila programu ya pampu haijazimwa tangu kabla ya ajali, na programu ikiwa imelishika faili, hata ukilifuta, faili linabaki ndani likiendelea kujaa. "Ni kama mpangaji," akasema. "Umemfuta kwenye daftari lakini ufunguo anao bado, na vitu vyake vimo chumbani. Nikizima programu ndiyo anatoka. Hapo harudi tena."

"Kwa hiyo tatizo ni nini? Mtoe."

"Ndani kuna asubuhi ile."

Mimi si mwepesi wa mambo ya mashine, lakini nilielewa kabla hajamaliza. Nikasikia masikio yanawaka moto.

"Asubuhi ile waliisoma," nikasema. "Ulichapisha wewe."

"Nilichapisha ya hifadhi. Ya hifadhi imepita kwenye kichujio changu. NIPO ya kwanza ikabaki, ndugu zake wote wa saa hiyo wakatupwa. Ile karatasi haikuweza kuonyesha zaidi ya NIPO moja, wifi. Hata angebonyeza mara elfu."

"Ulijua lini?"

"Jioni ile ile niliyowapelekea. Nilikuwa naosha vyombo."

Nikakaa juu ya boksi la waya. Siku themanini na kitu. Mama anauliza kila jioni, na huyu amekaa naye meza moja anajua. Nikampa vidonge vyake vyote, sitavirudia hapa, vingine havirudiwi. Nilimwambia amemzika kaka yangu mara mbili. Nilipoishiwa pumzi ndipo akasema, "Sikujua kama alibonyeza. Nilijua tu kwamba karatasi haiwezi kusema. Ningefungua nikakuta ni moja kweli, ningefanyaje? Na ningefungua nikakuta ni nyingi, ningefanyaje? Nikasema siku tisini zitaamua."

"Siku zinaamua nini? Siku ni mtu?"

"Sikuwa na kitu ndani, wifi. Nilikuwa natafuta hata hofu sioni. Nikaacha zipite."

Lile lilinitoa hasira kidogo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu ndiyo mara ya kwanza alikuwa ameniambia kitu. Lakini mlango ukagongwa, meneja akachungulia. "Bado tu? Watu wamejaa huko mbele. Dada, zima programu hiyo iliyojaza, washa, tuendelee. Dakika moja."

Wifi akanyoosha mkono kwenye kibao cha herufi. Nakuapia, angezima. Mkono ulikuwa unakwenda kwenye amri kama unavyokwenda kila siku, hauna mwenyewe. Nikaushika kifundoni. Ulikuwa wa baridi kama kitu kilichotoka kwenye friji.

"Bosi," nikasema, "tunaomba nusu saa."

"Ya nini?"

Nilitaka niseme mimi, maana mdomo wangu hauna kufuli. Lakini wifi akageuza kiti. "Karatasi niliyowapa kamati ilikuwa na kasoro," akasema. "Kosa ni langu. Logi nzima bado imo humu, nataka kuitoa kabla sijazima. Ukitaka kuniandikia barua ya kunisimamisha, niandikie mchana."

Meneja alimtazama, akanitazama na mimi, akafunga mlango taratibu kwa nje. Namsifu kwa hilo, ingawa sina tabia ya kumsifu.

Kuitoa kulichukua dakika kama kumi. Faili lisilo na jina haliwezi kufunguliwa kwa kubofya, ilibidi aingie kupitia programu yenyewe iliyolishika na kulinakili kwenye flashi. Aliandika kwa vidole viwili, yeye anayepiga chapa bila kutazama. Kisha akatafuta tarehe. Mistari ikapanda kwenye skrini ikasimama.

Saa nne na dakika mbili, NIPO. Na dakika tatu, NIPO. Na dakika nne, NIPO. Nilianza kusoma kwa sauti, nikaona siwezi, tukasoma kimya. Alikuwa anabonyeza kila dakika, hajaruka hata moja. Dakika ya kumi na saba alichelewa sekunde chache, nikajisemea hapo alikuwa anavuta kitu kwenye chujio, taka imekwama. Mpaka dakika ya ishirini na nne. Ishirini na tatu kwa hesabu.

Moyo wangu ulijaa furaha, nasema kweli, furaha ya ajabu isiyo na adabu. Nilimpiga wifi begani. "Unaona? Kila dakika. Huyo wa juu mwongo. Alikuwa wapi? Hakuwa kwenye kiti huyo."

Wifi aliteremsha ukurasa.

Saa nne na dakika ishirini na tano, pampu imewashwa. Na chini yake NIPO. NIPO. NIPO. Zote za dakika hiyo hiyo. Nyingine zilikuwa za sekunde moja. Wifi akaweka kidole kwenye kioo cha skrini akahesabu akishuka nacho, midomo inatembea bila sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma. Zilikuwa kumi na tisa. Baada ya hapo hakuna.

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Nilitafuta machozi, mimi ninayelia kwa habari za mabomba, nikakosa. Nikajua basi ndipo alipokuwa anakaa wifi yangu miezi yote mitatu, mahali hapa hapa, hata kabla hajaona.

Alichapisha kurasa zote nakala tatu. Akazibana kwa pini. Kisha akazima programu, akaiwasha, na ile mia kwa mia ikashuka mpaka thelathini na nane. "Nafasi imerudi," akasema, kama anavyosema kila mara. Akapeleka nakala moja kwa meneja na moja kwa katibu wa kamati, mkono kwa mkono, akasimama mpaka zikagongwa muhuri. Mimi nikarudi dirishani nikapokea chupa ya udongo ya yule mzee. Alikuwa bado yupo. Nikamwandikia malalamiko yake yote neno kwa neno, na sijawahi kumwandikia mtu vizuri vile.

Mchana huo kamati ilitangaza kwamba ile barua imesitishwa na uchunguzi unaanza upya. Mtu wa chumba cha kuongozea aliitwa. Wifi naye aliambiwa asubiri nyumbani mpaka atakapoitwa, akachukua sweta lake nyuma ya kiti akalikunja akalitia kwenye mfuko.

Tuliondoka pamoja saa kumi. Tulipofika kona ya duka la vifaa vya umeme akasimama. "Mama tutamwambia ngapi?" akauliza.

"Unauliza nini? Tutamwambia zilivyo. Arobaini na mbili." Nikaongeza na sumu kidogo, "Kufagia kumetutosha, wifi."

Akatikisa kichwa kukubali, tukaendelea kutembea.

Mama alikuwa ameketi kitandani anakunja mashuka, kikombe chake cha chai kiko kando kwenye stuli. Hakuuliza habari za kazi. "Wamerudia kusoma?" akasema.

"Wamerudia, mama," nikasema. "Na lile neno limetolewa. Hakuwa mzembe. Alikuwa anabonyeza kila dakika, kama inavyotakiwa."

Akaweka shuka chini. Hakufurahi kama nilivyodhani. Alitulia tu, akaitazama ile nakala ya tatu mkononi mwa wifi ambayo asingeweza kuisoma.

"Alibonyeza mara ngapi?"

Wifi aliniangalia mimi. Alikuwa tayari kusema, niliona. Aliniachia tu nafasi kwa sababu ni mama yangu. Na mimi nilikuwa nimeishika ile namba mdomoni tangu kona ya duka.

"Ishirini na tatu," nikasema.

Mama akahesabu kwa vidole, taratibu, akavimaliza vya mikono yote miwili akaanza tena. "Halafu pampu ikawashwa."

"Ndiyo, mama."

"Basi ilikuwa ghafla," akasema. "Alikuwa anafanya kazi yake. Hakupata hata nafasi ya kuogopa."

"Hakupata, mama."

Akachukua shuka lake akaendelea kukunja, ncha kwa ncha. Wifi akakunja ile nakala mara nne, akaitia ndani ya blauzi. Kisha akachukua kikombe cha mama pale kwenye stuli, chai imo nusu, akakipeleka jikoni, na nikamsikia anakiosha kwa muda mrefu.